Namna ya kupanga shindano ya mbio, kuruka na kugeuka mu karitie, hata kama uwanja yenu ni majiwe ya volkano tupu

Shindano yetu ya kwanza iliisha na kelele. Tulikuwa na batoto kama makumi tatu, telefone mbili za kuhesabia saa, sifle (filimbi) moja, na kamba yenye tulipima na hatua za miguu, na mimi nikajiona antrenere mukubwa. Kijana mumoja akakimbia metre 30, mutu wa saa akafinya wakati alisikia sifle, kisha mwenzake akakimbia na ule wa saa nyingine akafinya wakati aliona miguu inatoka chini, kumbe tofauti ya bale bijana babili ilikuwa kidogo kuliko makosa yetu sisi bakubwa. Papa ya ule mwenye alishindwa akaingia mu uwanja akaniuliza, "we antrenere, mutoto yangu umemupima na nini?" Sikukuwa na jibu. Mutoto anaweza kukubali kushindwa na mwenzake, lakini kushindwa na kidole ya mutu mwenye anachelewa kufinya, ile hapana.

Njo maana hapa nitaongea sana juu ya kupima, na kidogo tu juu ya bikombe na mapicha. Ni ya kilabu ndogo ya karitie, ni kusema mutaa, huku Goma, mashariki ya Congo, yenye haina feza, haina piste ya kukimbilia, lakini iko na batoto benye mbio.

Kwanza, chagua bipimo, na usichague mingi

Sisi tunafanyaka bitano: mbio ya metre 30, kuruka juu fasi moja, kuruka mbele fasi moja, kusukuma mupira muzito, na mbio ya kugeuka. Inatosha kwa kujua mutoto iko na mbio, iko na nguvu ya mara moja, na anajua kusimama na kugeuka bila kuanguka.

Batu baniulizaka juu ya nini si metre 100. Jibu ya kwanza ni kwamba fasi ya metre 100 ya sawasawa mu Goma utaitafuta mupaka uchoke. Jibu ya pili ni kwamba metre 100 inapima kitu ingine. Angalia Usain Bolt kule Berlin tarehe 16/8/2009, siku alikimbia metre 100 na segonde 9.58: metre 30 alipita na segonde 3.78, lakini fasi yenye alikimbia zaidi ya zote ilikuwa katikati ya metre 60 na 80, pale alitumia 1.61 kwa metre 20. Kwa hiyo metre 30 inapimaka kutoka na kuongeza mbio, ile yenye muchezaji wa mupira ao wa basketi anahitaji kila siku. Ukipata mutoto wa metre 30 muzuri, mbio ndefu utamupima siku ingine.

Uwanja, hapa njo kazi yenyewe

Kama umekaa Goma unajua. Chini ni jiwe ya volkano, nyeusi, yenye inakata sawa kisu, na kuko karitie zenye jiwe ya 2002, wakati volkano Nyiragongo ililipuka, ingali pale mupaka leo, batu bamejenga juu yake. Mutoto akianguka pale haamuke na muchubuko, anaamuka na kidonda. Kwa hiyo usianze na kutafuta bikombe, anza na kutafuta metre 45: 30 za kukimbia na 15 za kupunguza mbio. Zile 15 batu banazisahauka, halafu mutoto anamaliza mbio na kuingia mu ukuta ya mutu. Mwisho wa uwanja kusiwe ukuta, kusiwe mufereji, na kusiwe barabara ya bamoto (pikipiki).

Uwanja ya shule mara mingi njo muzuri kuliko yote, lakini omba ruhusa na barua, usiombe na mudomo, juu asubui ya shindano utakuta mulinzi mwenye hakusikia habari yenu.

Kisha pima kama chini inainama. Mafundi ba kujenga biko na dawa ya ile: mupira murefu mwembamba wa kuonekana ndani, unajaza maji, mumoja anashika huku, mwingine kule, maji inakuwa sawa pande zote mbili na unaona tofauti na macho yako. Sheria ya riadha ya dunia inasema uwanja isishuke zaidi ya 1 kwa 1000, maana yake kwa metre 30 ni sentimetre 3 tu. Sisi tulipima uwanja yetu ya zamani tukakuta inashuka karibu urefu wa kidole mukubwa mara mbili, na tulikuwa tumesifia batoto mwaka muzima! Kama yenu inashuka zaidi, mukimbie tu, bote upande moja, lakini musilinganishe saa zenu na za kilabu ingine.

Siku mbili mbele ya shindano, kokota majiwe ndogo na fagio ya bijiti, halafu na mikono. Fasi ya kugeukia ifagiwe mara mbili. Wakati ya jua kali, mwezi wa sita mupaka wa nane, mwagia vumbi maji kidogo asubui, si mingi, juu ile vumbi nyeusi ikiloana sana inakuwa sabuni. Wakati ya mvua, panga tarehe ya pili kabisa mu barua, usingoje mbingu ikuchekelee.

Kwa mistari, hapa volkano inatusaidia: chini nyeusi, majivu nyeupe inaonekana mbali. Siku moja tulitumia bunga ya muhogo, mama mumoja mwenye alikuwa anapita akatusimamisha akatutukana, na alikuwa na haki.

Bitu bya kutafuta

Metre ya chuma ao ya kitambaa ya mafundi, ya metre 20 ao 30, hiyo usiibadilishe na kamba. Chupa kumi za maji zenye zimejazwa muchanga, njo ploti zenu, alama za kuweka chini. Drapo moja ya rangi kali, hata kitambaa nyekundu ku fimbo. Ubao ya tripleksi moja ya kupaka nyeusi. Chaki. Saa tatu za kufinya, telefone inaweza. Mabido ya maji ya kunywa, na ya kunawa pembeni, na chukudu moja, ile ya mbao ya magurudumu mbili ya kusukuma, ya kubeba byote mara moja, juu kubeba tripleksi juu ya pikipiki siku ya upepo ni kutafuta kifo.

Mupira muzito unatengeneza mwenyewe. Unakata mupira wa ndani wa gurudumu ya moto, unajaza muchanga, unafunga pande mbili na waya, unazungusha na kitambaa ya mufuko ya muchele mupaka inakuwa kama kichwa ya mutu. Kilo 2 kwa benye biko chini ya miaka 15, kilo 3 kwa bakubwa. Peleka ku soko, omba mama wa maharagi akupimie ku balansi yake. Na urudie kupima siku ya shindano, juu muchanga yenye ililala ku mvua inaongeza uzito na mutoto wa asubui anakuwa na mupira ingine kuliko ule wa jana mu mazoezi.

Batu ba kazi

Munapashwa kuwa bakubwa kumi na mumoja ao zaidi: mumoja wa drapo, batatu ba saa, babili ba mistari ya kugeuka, babili ba kuruka, mumoja wa mupira, mumoja wa kuandika, mumoja wa maji na bidonda. Mutu wa kuandika asiwe na mutoto wake mu shindano. Na mutu wa saa ya mbio akianza asibadilike, kama kidole yake inachelewa basi ichelewe kwa bote sawasawa.

Fanyeni mazoezi ya saa mbele ya batoto kufika. Mukubwa mumoja akimbie, batatu bote bafinye, muangalie kama munakaribiana. Mutu mwenye anatofautiana na benzake kila mara, mupatie kazi ya maji, bila kumukasirikia.

Sasa, kila kipimo

Mbio ya metre 30. Mutoto anasimama, muguu moja nyuma ya mustari, hakuna kuinama chini sawa ku televizyo juu hamuna bile byuma bya kusukumia miguu. Mutu wa drapo anainua drapo juu, anasema "tayari", anangoja kidogo, anaishusha haraka. Batu ba saa banafinya wakati drapo inaanza kushuka. HAPANA sifle. Sauti inatembea karibu metre 340 kwa segonde, kwa hiyo inatumia 0.09 kufika metre 30, na ile 0.09 yote ni zawadi kwa mutoto, anaonekana mwepesi kuliko vile iko. Njo maana ku mashindano kubwa benye saa ya mukono banaangaliaka moshi ya bunduki, si mulio yake.

Ku mwisho, munafinya wakati kifua inapita mustari. Si kichwa, si mukono yenye inanyooshwa mbele. Saa tatu: kama mbili ziko sawa munatwaa ile, kama zote ni tofauti munatwaa ya katikati, usifanye hesabu ya kuchanganya zote tatu. Kama moja imekufa na mumebaki na mbili, munatwaa yenye iko ndefu. Kisha munapandisha ku sehemu ya kumi: 4.52 inakuwa 4.6, na 4.58 pia 4.6. Batoto balishangaaka, "antrenere unatuibia!", lakini saa ya mukono haijue kutofautisha 4.52 na 4.58, na kusema inajua ni uongo.

Kama muko na telefone yenye inatwaa video ya picha 60 kwa segonde, mutapata saa muzuri zaidi. Unaiweka sawasawa ku mustari ya mwisho juu ya majiwe yenye haitikisike, na mutu wa drapo anasimama fasi yenye telefone inamuona. Kisha unahesabu picha, kutoka drapo inaanza kushuka mupaka kifua ku mustari, unagawanya na 60. Picha moja ni 0.017. Telefone ya picha 30 ni 0.033, bado inashinda kidole. Kazi ni mingi, sisi tunaifanyaka kwa bale batano ba mbele tu, ao pale kuko mabishano.

Kila mutoto anakimbia mara mbili, na katikati anapumuzika dakika tano, hata akisema hajachoka. Akitoka mbele ya drapo, mara ya kwanza unamuonya, ya pili ile mbio imepotea. Bakubwa ba dunia tangu 2010 banafukuzwa ku ya kwanza, lakini hawa ni batoto ba karitie, tuachane na ukali.

Na kitu kidogo kwa benye bapenda kujisifu: Goma iko karibu metre 1500 juu ya bahari, na ku riadha alama yenye imepatikana juu ya metre 1000 inaandikwaka na A pembeni, juu hewa nyepesi inasaidia kidogo mbio fupi. Kwa hiyo binamu yako wa Dar es Salaam akikuletea saa yake, mulinganishe na roho safi.

Kuruka juu. Ukuta ya majiwe ya volkano itakula bidole bya batoto, kwa hiyo funga tripleksi ku ukuta, imara, na upake nyeusi. Mutoto anapaka chaki ku bidole, anasimama pembeni ya ubao, kisigino chini, anainua mukono moja na kugusa: ile ni alama ya kwanza. Kisha anaruka bila kupiga hatua, anagusa juu kabisa. Tofauti ya alama mbili njo kipimo. Hapa njo kuko wizi mukubwa kuliko yote, na batoto banaujuaka bila kufundishwa: anainua mukono nusu, bega imelala, alama ya kwanza inakuwa chini na kuruka kwake kunakuwa kama kwa chui. Mutu wa kupima amuambie "vuta bega", na asukume kiwiko yake polepole mupaka mukono inanyooka kabisa. Mara tatu, munatwaa ya muzuri.

Kuruka mbele. Bidole bya miguu nyuma ya mustari, miguu yote mbili pamoja, mikono inaweza kuyumba, hakuna kuruka-ruka mbele. Munapima kutoka mustari mupaka kisigino yenye iko nyuma. Akianguka na kushika chini na mukono nyuma, munapima ku mukono, basi, hata akilia. Afikie ku majani ao ku udongo yenye mumelegeza, si ku jiwe. Mara tatu.

Hii kuruka ilikuwaka mu Olimpiki, kutoka 1900 mupaka 1912. Mumarekani Ray Ewry aliruka metre 3.47 mu 1904, na alikuwa mutu mwenye mu utoto wake aligonjwa polio na kukaa ku kiti ya magurudumu. Tunabaelezaka batoto ile mbele ya kuruka, si ya kubahubiria, ila wanapendaka kusikia na bananyamaza kidogo.

Kusukuma mupira. Mutoto anakaa chini, mugongo ku ukuta, miguu mbele, mupira ku kifua, anasukuma na mikono mbili. Mugongo ukitoka ku ukuta, haihesabiwe. Munapima fasi mupira iligusa kwanza, si fasi ilisimama. Mutu wa kuangalia akae pembeni, asikae mbele, nazani sina haja ya kueleza juu ya nini.

Mbio ya kugeuka. Chora mistari tatu, metre 5 katikati ya moja na ingine, kwa hiyo zote pamoja ni metre 10. Mistari inapashwa kuwa sawasawa, na kama haujue kupata kona ya kweli, fanya sawa mafundi: kamba ya metre 3, ya 4 na ya 5, ukizikutanisha kona ya 3 na 4 inakuwa ya kweli kabisa. Mutoto anasimama ku mustari ya katikati, anaenda kuume metre 5, anagusa mustari na mukono, anarudi metre 10 mupaka mustari ya kushoto, anagusa, anarudi kupita katikati. Metre 20 yote. Bamarekani ba ule mupira yao ya kofia banafanyaka kama hivi lakini na yadi, 5 na 10 na 5, na jumla yao ni metre 18.29, kwa hiyo ukiona saa zao ku intaneti usishtuke.

Ku kila mustari ya pembeni kuko juri anaangalia mukono tu. Hajagusa, anarudia, mara moja, kisha ya kupumuzika. Na kila mutoto anafanya mara mbili, moja akianza kuume, moja akianza kushoto, munajumulisha. Tulianza kufanya hivi juu kulikuwa binti mumoja wa mukono wa kushoto, kila mara anakuwa wa mwisho, siku tulimuachia aanze upande yake akashinda bote. Tulikuwa tunapima upande, hatukukuwa tunapima mutoto.

Viatu: kila mutu na byake, lakini kama mu kikundi moja kuko benye bako na viatu ya meno na bengine miguu tupu, kipimo ya kugeuka si haki. Sisi tunaombaka baske (viatu ya michezo) za kawaida, na tunaazimana. Viatu ya mwenzako ikikubana, sema mbele, si kisha ya kushindwa.

Kupanga batoto na pointi

Gawanya na miaka: 10–12, 13–14, 15–17, na bakubwa. Kutoka 13 mabinti peke yao na bijana peke yao. Mutoto wa 13 na wa 14 banaweza kutofautiana sana juu mumoja ameshakomaa na mwingine bado, hiyo haina dawa, lakini usiongeze mwingine wa 16 mwenye "hana karatasi". Uliza karatasi ya pointi ya shule, mwaka ya kuzaliwa inakuwaka pale.

Kikundi ya batoto nane, bipimo tano, bikundi tano binazunguka: batoto makumi ine kwa asubui moja. Ila angalia, benye banashindana bote bakae mu kikundi moja. Ukibatawanya, mumoja atakimbia miguu ikiwa mupya na mwingine kisha ya kuruka mara sita, halafu unabalinganisha.

Pointi ni nafasi tu. Wa kwanza 1, wa pili 2, munajumulisha bipimo bitano, mwenye ako na kidogo njo ameshinda. Babili bakifungana ku nafasi ya 3, kila mumoja anapata 3.5 na mwenye anafuata anapata 5. Najua ile haione kama umeshinda na kidogo ao na mingi, ile ya dekatloni, shindano ya michezo kumi, ina meza yake ya pointi kwa sababu ile, lakini yetu kila mama mwenye amesimama pale anaweza kuihesabu ku ubao pamoja na sisi, na tangu tulianza kuandika ku ubao mbele ya batu bote hakuna papa mwenye ameingia tena mu uwanja.

Siku yenyewe

Mufike saa kumi na mbili ya asubui, batoto saa moja. Bawe bamekula kitu, chai na mandazi inatosha, si sahani ya fufu. Kupasha mwili dakika kumi na tano: kutembea, kukimbia polepole, kuruka kidogo, na mbio mbili tatu za nusu nguvu. Mutoto mwenye anakuja na maumivu ya goti hakimbie, hata mama yake akisisitiza.

Kidonda ya jiwe: maji safi mingi na sabuni, utoshe kila kamuchanga, kisha kitambaa safi. Kama ni ya ndani, mupeleke ku kituo ya afya siku ile ile na uulize juu ya chanjo ya tetanosi. Mutu wa maji na bidonda awe na namba za bazazi bote ku karatasi, si mu telefone yake, juu telefone yake itakuwa inatwaa video.

Mukimaliza, mufunge mapema mbele ya jua kuwa kali. Fishi zote, zile karatasi za kuandika matokeo, ziandikwe tarehe, uwanja gani, upande gani balikimbilia, nani alishika saa, mupira ilikuwa kilo ngapi. Kisha ya miezi mitatu mutarudia pale pale na kila mutoto atajiona mwenyewe, na wa mwisho mara mingi njo anafurahi zaidi.

Na kama mulipima mistari na kamba juu hamukupata metre, muifiche. Yetu ya nailoni mumoja aliitwaa kuanikia nguo mvua yote, ikarudi imeongezeka sentimetre kumi na mbili, na batoto bote bakawa bavivu siku moja.